Kijiti cha Baba Ukingoni mwa Korongo

Naikumbuka hadi leo, mwanangu, siku ile moja niliyomwona baba yangu akikimbia. Usicheke. Wewe hukumkuta. Alikuwa mfanyabiashara mnene, mtu wa kofia na koti, na hata mvua ilipomkamata katikati ya barabara alitembea pole pole kana kwamba mvua ndiyo yenye haraka. Watu wa Butembo walimpisha njiani. Mtu wa namna hiyo kukimbia, tena mbele ya wakwe, na viatu vya sherehe miguuni! Nikikumbuka naona kama vile ni leo asubuhi.

Sikuwa na nia ya kukusimulia habari hizi. Ni wewe Muhindo, mjukuu wangu, uliyeniamsha. Leo uliporudi kutoka shuleni ulitupa karatasi ya interro, jaribio lenu la hesabu, juu ya meza, ukasema, "Koko, hii pente itanisaidia nini? Mimi naacha masomo. Nitatafuta moto, nibebe watu mu mji." Pikipiki ya abiria! Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo ya jioni. Nikapangusa mikono, nikavaa miwani, nikaangalia karatasi yako. Alama mbaya hazinishtui, nimeziona nyingi, nyingine ni za baba yako. Kilichonishtua ni kosa lenyewe.

Mwalimu wako alichora mistari miwili. Mmoja uko juu kabisa ya karatasi, lakini umelala karibu kama kitanda. Wa pili unaanzia chini, kisha unapanda kwa nguvu. Akauliza, upi una pente kubwa, yaani mwinamo mkali zaidi? Wewe ukachagua ule wa juu, kwa sababu uko juu. Mwanangu! Hilo ni kosa la baba yangu. Ni kosa lile lile hasa, na lilikaribia kumuua mama yake. Nikaiacha sombe palepale, nikakaa chini.

Basi sikiliza, kwa sababu leo sitazungumza kama mtu anayebembeleza.

Nyumba yetu ilikuwa mgongoni mwa kilima, upande ule wa mji ambako kila mtu anaishi ama juu ya kichwa cha jirani ama chini ya miguu yake. Mama alifariki tukiwa wadogo. Aliyetulea, mimi na dada yangu Masika, ni mama yake baba, Koko wetu, na maisha ya Koko yalikuwa jikoni. Jiko letu lilisimama peke yake nyuma ya nyumba, la udongo na nguzo, na Koko alikaa mle tangu asubuhi hadi jioni. Ukitaka kumsalimu unakwenda kule. Ukitaka kulia unakwenda kule.

Nyuma ya jiko palikuwa na njia ya kwenda chemchemi. Wasichana wa mtaa mzima tulishuka nayo na madumu, na kwa kuwa tulikuwa wavivu wa kuzunguka, tuliifanya inyooke moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Mvua ikaipenda njia hiyo. Ikaichimba kidogo kidogo mpaka ikawa korongo, yaani ravin kama tunavyosema hapa. Watu wakatupa humo majani ya migomba na takataka, wakaona wamelitibu.

Halafu yakaja mabati. Baba ndiye aliyeyauza, na alijua kusifu bidhaa yake. Katika muda mfupi nyumba zote za juu yetu zikavua nyasi na kuvaa mabati yanayong'aa. Tulifurahi sana, mwanangu! Lakini sikia tulivyofanya, maana mpaka leo naona watu wanafanya vilevile. Maji ya nyasi yalidondoka taratibu, ila ya mabati yalimwagika kwa pamoja. Hakuna aliyetaka ua wake uwe matope. Kila mwenye nyumba akachukua jembe, akachimba kamfereji kazuri kutoka ukingo wa paa lake hadi kwenye njia ya chemchemi, kwa sababu njia si ya mtu. Ua wa kila mmoja ukawa safi, na maji yote ya kilima yakapita nyuma ya jiko la Koko.

Hayo sikuyajua wakati ule. Nilijua tu kwamba mwalimu wetu wa hesabu alitupa kazi. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, aliyeletwa huku na serikali, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Kifaransa. Alitufundisha pente kwa kutupandisha kilima nje ya darasa. "Unaenda mbele kiasi gani? Unapanda kiasi gani? Gawanya! Pente njo ile!" Kisha akasema kila mmoja atafute nyumbani kitu kinachoongezeka au kupungua, akipime, achore mstari wake. Mwenzangu alipima maharage yanavyoota. Mimi nikapima ardhi iliyobaki kati ya ukuta wa jiko na ukingo wa korongo. Baada ya kila mvua kubwa nilipima kwa miguu yangu, kisigino kwa kidole, nikaweka nukta kwenye karatasi.

Mwanzoni nukta zilinipa raha. Kila mvua ilikula unyayo mmoja. Nukta zikashuka kwa mpangilio, ukiweka rula zote zinalala juu yake. Nikaona nimepata kazi nzuri kuliko mwenye maharage. Halafu, katikati ya msimu, nukta zikaniasi. Mvua moja nyayo tatu. Nyingine tena tatu. Mstari wangu mzuri ukavunjika kama goti. Niliona aibu, nikafikiri nimepima vibaya, nikarudia, nikapata yaleyale. Nikaipeleka karatasi kwa mwalimu huku nimejiandaa kugombezwa.

Mwalimu aliitazama, akaacha kutafuna kalamu yake.

"Kahindo, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni ya kwetu, Mwalimu. Ni jikoni."

"Nani anaikalaka mu hii jikoni?"

"Koko wetu."

Hakunigombeza. Aliweka rula juu ya zile nukta za mwisho tu, akaacha zile za mwanzo, akavuta mstari mpaka ukagusa chini ya karatasi. Akaniachia nisome mwenyewe mahali ulipogusa. Ilikuwa imebaki mvua nne, na tulikuwa katikati ya mvua za mwaka. Nilisoma, nikasoma tena. Nukta niliziweka mwenyewe kwa mkono wangu, na nilikuwa sijaona kwamba zinamwelekea Koko. Nilikuwa nimechora kifo cha mtu nikidhani nachora kazi ya shule.

Siku ileile mwalimu alikuja nyumbani. Baba alimpokea vizuri, akamletea kiti na bia, kwa sababu aliwaheshimu walimu. Wakaenda nyuma, mimi nikiwafuata.

"Mwalimu, angalia mwenyewe," baba akasema, "ravin iko kule. Jikoni iko hapa. Tangu hawa batoto bazaliwe, iko kule."

"Papa, mimi hapana uliza iko wapi. Nauliza inakuya mbio namna gani."

"Mais, lakini iko mbali!"

"Juzi ilikuwa mbali zaidi, Papa. Na mbele ya pale, mbali zaidi tena. Ile ilikuwa inatembea. Sasa inakimbia."

Baba akacheka. Hakuwa mjinga, usimfikirie hivyo. Alijua kuuza na kununua na watu wa mbali ambao hakuelewa lugha yao. Ila macho yake yalikuwa yanaona korongo lilipo, hayakuona linavyokwenda. Tena alikuwa na haraka na jambo jingine. Wakwe kutoka Kalunguta walikuwa wameshatangaza kuleta mbuzi wa mahari ya Masika, jamaa zetu wa Masereka wameshaitwa, na desturi ya nyumbani kwetu ilikuwa mbuzi wafungwe kwenye nguzo za jiko, mama mzee wa nyumba atoke na kushika kamba ya mbuzi wa kwanza. Pasipo jiko na pasipo Koko mle ndani, baba hakuona sherehe itafanyikaje. Alisema atajaza mawe baada ya harusi.

Kwa kumfurahisha mwalimu akachukua kijiti, akakipaka chokaa, akakipigilia karibu kabisa na ukuta wa jiko. Majirani walikuwa wanatazama juu ya ua.

"Bon. Siku hii kijiti itaanguka," baba akasema kwa sauti, "mutaniona mimi nakimbia."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye kukimbia! Hata Koko alicheka kutoka ndani ya moshi wake. Mwalimu peke yake hakucheka, akaacha bia nusu, akaenda zake.

Mvua ya kwanza ikaja, ikala nyayo tatu. Nikamwambia baba. "Kijiti iko?" akauliza. Kiko. "Basi." Mvua ya pili ikala tatu nyingine. "Kijiti iko?" Kiko, Papa. "Basi, mutoto, uniache na kazi." Na ni kweli kilisimama, cheupe, kimenyooka, kama vile hakuna kinachoendelea duniani. Nilianza kukichukia.

Siku ya mbuzi ikafika. Siku hiyo, kwa jinsi tulivyolelewa, msichana wa nyumba hatoki. Anakaa chumbani na bibi harusi mpaka waitwe. Ukitoka kabla, ukajipitisha mbele ya wakwe, umeiaibisha nyumba yako, na watasema hadi Beni kwamba watoto wa fulani hawana adabu. Kwa hiyo nilikuwa chumbani nikimsuka Masika. Wakwe waliingia na mbuzi wao wazuri, wakawafunga kwenye nguzo za jiko. Koko alikuwa ndani na chungu chake kikubwa. Kisha, kabla hata ya hotuba, mvua ikashuka.

Unajua wageni wanafanya nini mvua ikishuka. Wanakimbilia penye moto. Wazee wa Kalunguta wote, na baba kati yao, walijibanza ubavuni mwa jiko, chini ya ukingo wa paa, wakicheka, na glasi za kasiksi, pombe ya ndizi, mikononi. Mimi nilichungulia dirishani, nikawaona migongo. Nikatafuta kijiti ng'ambo ya miguu yao, kwenye kona ya ukuta upande wa korongo. Sikukiona. Nikasogea upande mwingine wa dirisha. Hakikuwepo.

"Kahindo, unaona nini?" Masika akauliza.

"Kijiti ya Papa haiko."

Akageuka na nywele zake nusu zimesukwa. "Kwenda kumuambia."

"Bakwe bako pale, yaya," nikamjibu dada yangu.

"Kwenda!"

Nilikwenda. Miguu mitupu, nguo ya nyumbani, kwenye mvua, katikati ya wazee wa watu. Shangazi mmoja akapiga makofi mara moja kwa mshtuko, yale makofi ya kusema huyu mtoto ametuua. Nikasimama mbele ya baba.

"Papa, kijiti imeanguka."

Alinitazama. Kwanza uso wake ulikuwa wa hasira, nikajua nitapigwa. Halafu hasira ikaondoka, kikaja kitu ambacho sijakiona kwenye uso wa mtu mzima tena. Glasi ikamtoka mkononi. Akakimbia.

"Mutoke! Mutoke bote! Kwenda mbele!" Aliwasukuma wakwe zake kwa mikono miwili, mwanangu, akawatupa kwenye mvua kama mtu anayefukuza kuku. Mzee mkubwa wa Kalunguta, baba wa bwana harusi, alisukumwa kifuani mpaka kofia ikaruka. Watu walipiga kelele, wengine wakaanza kukasirika, lakini walitoka. Baba hakuwatazama. Aliingia jikoni.

Nilimsikia Koko ndani. "Chungu yangu iko ku moto. Siende fasi." Alikuwa anakataa kutoka. Kisha nikamwona baba akitoka amembeba mama yake mgongoni, kama yeye alivyobebwa utotoni, na Koko ameshika mwiko mkononi, anampiga nao begani amshushe. Akapita kati yetu. Akafika kwenye ukuta wa nyumba kubwa.

Jiko likaenda. Sauti haikuwa kubwa hata kidogo, ilikuwa kama gunia la viazi linaposhushwa chini. Pale lilipokuwa pakawa na mvua tu. Kisha moshi ukapanda kutoka chini, kutoka shimoni, kwa sababu moto wa Koko ulikuwa bado unawaka kule ulikokwenda. Mbuzi waliofungwa kwenye nguzo walilia kule chini kwa muda, wakanyamaza.

Mwalimu, aliyekuwa amealikwa, alisimama kwenye mvua. Kwa mstari wake ilikuwa imebaki mvua nyingine. "Ilibakia moja," alikuwa anasema peke yake, "ilibakia moja." Mvua ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko mstari wake. Hilo nalo lilinishtua, kwamba hata aliyeona aliona pungufu.

Mzee wa Kalunguta aliitazama ile nafasi ambapo alikuwa amesimama na glasi yake. Maji yalimchuruzika kichwani. Akamgeukia baba.

"Ulinisukuma, Papa."

"Nilikusukuma."

"Wasingya," yule mzee akasema. Asante kwa Kinande.

Baba alikuwa bado amembeba Koko. Koko alitupa mwiko, akamwambia kwa upole, "Unishushe sasa, mwana wangu." Hakuweza. Mikono yake ilikuwa imekaza, ikabidi mimi na Masika, bibi harusi aliyetoka nje na nywele nusu, tuifungue kidole kwa kidole.

Masika aliolewa. Mbuzi waliopotea wakwe hawakuwataja tena. Lakini baba alibadilika. Alimwomba mwalimu amwonyeshe ile karatasi, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani, akaweka kidole pale mstari ulipovunjika. "Hapa kulifanyika nini?" akaniuliza. Nikafikiri, nikamwambia, ni wakati ule watu wa juu walipoezeka mabati. Wiki iliyofuata alipanda kilima na jembe begani, kofia na koti vilevile, akagonga kila mlango alikouza bati. Aliwaomba wageuze mifereji yao, maji yakate kilima kwa ubavu badala ya kushuka, na kila ua uwe na shimo la kuyanywa. Wengine walimcheka. Kwao alichimba mwenyewe. Na sisi wasichana tukaambiwa tuzunguke njiani kwenda chemchemi, tupende tusipende.

Niliendelea kupima, sasa kutoka ukuta wa nyumba kubwa. Mstari ukaanza kuinua shingo. Nyayo tatu zikawa mbili, kisha moja, kisha mvua nzima inapita bila kula hata kidole. Na baba, tangu siku ile, hakuuliza tena korongo liko wapi. Mvua ikikatika aliniita, "Kahindo, pente?" Hata katika ugonjwa wake wa mwisho, amelala hawezi kugeuka, akisikia mvua kwenye bati lake anainua mkono kidogo. "Pente?" Namjibu, "Imelala, Papa." Ndipo anafumba macho.

Sasa wewe, Muhindo. Pente haikuambii kitu kiko wapi. Inakuambia ukisonga hatua moja mbele, chenyewe kinapanda au kinashuka kiasi gani. Chukua nukta mbili, angalia umekwenda mbele kiasi gani, umepanda au umeshuka kiasi gani, gawanya. Kama mstari ni mmoja, popote utakapopima jibu ni lilelile. Jibu likibadilika, usiifute nukta. Mstari si ule tena, na kuna mtu mahali fulani amebadilisha paa. Mtafute, na usishangae ukikuta ni wewe.

Maana nami nina macho, mwanangu. Ulianza kwa kukosa somo la hesabu peke yake. Baadaye ukakosa siku za soko. Juzijuzi ulikosa juma zima, na leo ukatupa karatasi, ukaniambia habari za moto. Nikikuuliza, unaniambia bado uko mwanafunzi, jina lako bado linaitwa darasani. Ni kweli linaitwa. Kijiti bado kimesimama.

Sikukatazi moto. Kuna watu wema wanaokula kwa moto mji huu, na wanapanda vilima vyetu vizuri kuliko wewe. Nakukataza kuniambia iko mbali. Neno hilo nilishalisikia nyumbani kwetu, na najua sauti iliyofuata.

Mungu wa Koko wangu akutunze. Akupe jicho la kuona mwendo mapema, na mtu wa kuingia kati ya wageni kukuambia hata kama ataaibika. Akupe miguu ya kukimbia kabla ya kijiti, si baada yake. Na mgongo wako uwe na nguvu za kutubeba sisi wazee siku tutakapokataa kuacha vyungu vyetu.

Haya, lete karatasi ile na rula, ukae hapa karibu yangu. Sombe itasubiri.